Barua zenu: Nani aliyewaambia wachora ramani?

Toleo lililopita tulichapa, kwa ukurasa mzima, picha ya ramani ya Afrika iliyotoka Antwerp mwaka 1570, kazi ya Abraham Ortelius. Mtaikumbuka: majina yamesongamana pwani nzima, maziwa mawili makubwa yapo kusini ya ikweta, na meli zinapigana baharini. Barua zilizokuja ni nyingi kuliko nafasi niliyo nayo, kwa hiyo nimechukua saba. Mnaonifahamu mnajua nilianza kazi hii kwa kalamu ya wino na karatasi ya kalki, enzi ambazo kompyuta haijafika katika ofisi za upimaji. Tangu siku zile, kila nionapo mstari kwenye ramani swali langu la kwanza ni lile lile: aliyeuchora alimsikia nani?

Shikamoo mama. Huyo Ortelius alifika Afrika? Kama hakufika, alijuaje pwani inapinda wapi? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu)

Marahaba mwanangu. Hakufika. Alizaliwa Antwerp mwaka 1527, akafia huko huko mwaka 1598, na ujana wake aliutumia kupaka rangi ramani zilizochapwa na watu wengine. Chama cha mafundi wa mji wake kilimwandikisha kwa kazi hiyo mwaka 1547. Kutoka kwenye brashi akaingia kwenye biashara ya kununua na kuuza ramani, na mwaka 1570 akatoa kitabu chake, Theatrum Orbis Terrarum, karatasi 53 za ramani zilizochongwa kwa vipimo vinavyolingana na kufungwa pamoja. Wengi wanakihesabu kuwa atlasi ya kwanza.

Pwani aliijua kwa kunakili, na hakuficha. Mwanzoni mwa kitabu aliweka orodha ya wachora ramani 87 ambao kazi zao alizifahamu. Mimi namheshimu kwa orodha hiyo kuliko hata kwa ramani zenyewe, maana wengi wa zama zake walinakili wakanyamaza.

Ukiifuata Afrika yake nyuma hatua moja unafika Venice, kwa Giacomo Gastaldi, aliyetoa ramani ya Afrika ya karatasi 8 mwaka 1564. Ukirudi nyuma tena, njia inagawanyika. Pwani inatoka kwenye ramani za mabaharia Wareno. Mengi ya upande wa Timbuktu yanatoka kwa Mwafrika aliyesafiri hadi huko, al-Hasan al-Wazzan, mzaliwa wa Granada aliyelelewa Fez. Maharamia walimteka mwaka 1518 wakamfikisha kwa Papa huko Roma, naye akaandika habari za Afrika kwa Kitaliano. Zilichapwa Venice mwaka 1550, na Ulaya ikamjua kwa jina la Leo Africanus. Yale maziwa mawili ya kusini, nayo, ni ya Ptolemy wa Alexandria, mtu wa karne ya 2. Kwa hiyo macho yako yanapopita kutoka pwani kwenda ndani ya bara, yanaruka zaidi ya miaka 1,000, na hakuna alama yoyote pale kwenye karatasi ya kukuonya. Wino ni ule ule, mstari ni ule ule.

Halafu kuna mkono wa mchongaji, ambao watu huusahau. Bamba la shaba linang'arishwa mpaka unauona uso wako. Ramani yote inachongwa kinyume, kama inavyoonekana kwenye kioo: magharibi inakuwa kulia, na kila jina linaandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, herufi zimegeuka. Chombo ni kijipatasi cha chuma chenye mpini mviringo unaokaa katikati ya kiganja. Ukitaka kufuata mpindo wa ghuba huzungushi mkono. Unazungusha bamba lenyewe juu ya kimto cha ngozi kilichojazwa mchanga, na chuma kinabaki palepale. Ukikosea herufi unakwangua, unaligeuza bamba na kuligonga taratibu kwa nyuma mpaka shaba iinuke, kisha unachonga upya. Niliwahi kuruhusiwa kujaribu katika karakana ya mchapaji mmoja. Neno la herufi sita lilinichukua karibu saa nzima, na baada ya hapo vidole viliniuma siku mbili. Frans Hogenberg alichonga sehemu kubwa ya ramani za kitabu kile. Ukishajua kazi ilivyo, utaelewa kwa nini kosa likiingia kwenye shaba lilikaa miaka na miaka, hata baada ya watu kujua ni kosa.

Ni kweli kwamba ramani za kale ziliandikwa "hapa kuna majoka"? (Msomaji wa miaka mingi)

Maneno hayo kwa Kilatini, HC SVNT DRACONES, yapo kwenye tufe dogo la shaba la mwanzoni mwa miaka ya 1500 linaloitwa Hunt-Lenox, ambalo sasa liko New York. Yameandikwa upande wa kusini-mashariki ya Asia. Kwenye ramani za karatasi hayakuwa mazoea kabisa, ingawa siku hizi kila mtu anayataja. Nyangumi na samaki wa ajabu ndio wamejaa, kwa sababu mnunuzi hakupenda kulipia bahari tupu.

Mama, kitabu nilichosoma mimi shuleni kilisema Ahmad ibn Majid ndiye aliyemvusha Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India. Binti yangu amekuja na kingine kinachosema rubani alikuwa Mgujarati. Tumebishana mpaka chakula kikapoa. Nani yuko sahihi? (Mstaafu wa bandari)

Binti yako, kaka. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, maana hili ndilo swali nililolipenda kuliko yote.

Kisa cha Ibn Majid kinatoka kwa mwandishi wa Makka wa karne ya 16, al-Nahrawali, aliyesema kwamba Wareno walimlevya Ibn Majid ndipo akawaonyesha njia. Hakuwepo, na aliandika miongo mingi baadaye. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu wa Kifaransa, Gabriel Ferrand, alikiamini kisa hicho akakiunganisha na habari za Wareno, na kutoka hapo kikaingia vitabuni. Ibn Majid alikuwa mtu mkubwa sana bila ya kisa hicho. Aliandika kitabu cha ubaharia karibu na mwaka 1490, na akatunga shairi refu linaloeleza njia ya kwenda Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo. Mtu wa kiwango chake hahitaji kupachikwa safari ya mtu mwingine.

Wareno wenyewe waliandika nini? João de Barros, katika historia yake iliyotoka mwaka 1552, anasema rubani aliyepewa Vasco da Gama na mfalme wa Malindi alikuwa Mwislamu wa Gujarat, na anamwita Malemo Caná. Hebu litamke neno hilo la kwanza kwa sauti: malemo. Ni mwalimu! Ndivyo mabaharia wa Bahari ya Hindi walivyomwita mtu aliyeshika njia ya chombo. Hilo la pili, wataalamu wengi wanalisoma kama kanaka, neno la Kihindi la mtu anayesoma nyota. Kwa hiyo Mreno alisikia vyeo viwili akaviandika kama jina na ubini. Mtu aliyewavusha bahari hakuandikwa jina.

Barros anaendelea kusimulia jambo ambalo kila mchora ramani angependa kulishuhudia. Mwalimu yule alimwonyesha Vasco da Gama ramani ya pwani yote ya India, imegawanywa kwa mistari myembamba iliyokatana, ile ya kaskazini-kusini na ile ya mashariki-magharibi, bila ya ule utando wa mistari ya dira uliojaa kwenye ramani za Wareno. Naye nahodha akamtolea astrolabu, chombo cha kupimia urefu wa jua na nyota, moja kubwa ya mbao na nyingine za chuma. Mwalimu hakushangaa. Alisema marubani wa Bahari ya Sham wana vyombo vya shaba vya kupimia jua na nyota, ila yeye na wenzake wa upande wa India hutumia chombo cha namna nyingine.

Chombo cha namna hiyo kinaitwa kamali. Ni kibao cha mstatili kinachoenea kiganjani, kimetobolewa katikati na kupitishwa uzi wenye mafundo. Unalibana fundo kwa meno, unausogeza mkono mpaka uzi unyooke, halafu unaushusha ukingo wa chini wa kibao ukae juu ya upeo wa bahari. Nyota ya kaskazini ikigusa ukingo wa juu, basi uko kwenye latitudo ya bandari ya fundo lile. Kila fundo ni bandari. Nyota ikiwa juu zaidi umepita kaskazini. Ikizama nyuma ya kibao bado uko kusini. Karibu na ikweta nyota ya kaskazini iko chini mno, kwa hiyo walihamia kwenye nyota nyingine, na hesabu hizo ndizo zilizojaa katika maandishi ya Ibn Majid. Nilijitengenezea kamali kwa kipande cha mbao na uzi wa katani, na kilichonishangaza ni jinsi kinavyotulia: meno na mkono vinashika umbali ule ule kila mara, hata kama chini yako panayumba.

Sasa angalia hesabu ya safari. Waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikianza kushika, na tarehe 20 Mei walikuwa mbele ya Calicut. Kuvuka hakukufika hata mwezi. Kurudi walijiendea wenyewe: waliiacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi haijaanza, na hawakuiona pwani ya Mogadishu mpaka tarehe 2 Januari 1499. Karibu miezi mitatu ya kutangatanga, na mabaharia wapatao 30 walikufa kwa kiseyeye. Walibaki wachache hata wakaichoma moto mojawapo ya meli zao, São Rafael, kwa kukosa watu wa kuiendesha. Bahari ilikuwa ile ile. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia: subirini, upepo haujageuka. Hilo hakuna ramani ya zama zile iliyolionyesha.

Nasikia ramani za Wareno zilikuwa siri ya serikali. Kama zilikuwa siri, sisi tunazionaje leo? (Msomaji)

Zilikuwa siri kweli. Lisbon palikuwa na ramani kuu, Padrão Real, na kila rubani aliyerudi alileta alichokiona ili kiongezwe. Wahispania walifanya vivyo hivyo Seville: ofisi yao ilianzishwa mwaka 1503, na mwaka 1508 wakamweka Amerigo Vespucci kuwa mkuu wa marubani, kazi yake mojawapo ikiwa ni kuisimamia ramani hiyo. Mwaka 1504 Mfalme Manuel wa Ureno alikataza ramani zinazoonyesha njia ya kusini kupita mto Kongo.

Lakini siri inayokaa mikononi mwa mafundi wanaolipwa kidogo haikai. Miaka miwili kabla ya katazo hilo, mwaka 1502, Alberto Cantino, wakala wa Duke wa Ferrara, alikuwa ameshaondoka Lisbon na ramani ya dunia yenye urefu wa zaidi ya mita 2, imechorwa kwa mkono juu ya ngozi. Ililipiwa dukati 12 za dhahabu. Afrika iliyomo ndani yake ina umbo ambalo mtoto wa leo analitambua mara moja, miaka minne tu baada ya Vasco da Gama kupita. Kila nikiitazama nakala yake nasimama kwenye pembe ya Afrika na kuangalia ukingo wake wa mashariki unavyoshuka. Mchoraji huyo hatujaachiwa jina lake, ila mkono wake ni mkono wa mtu aliyezoea.

Ikapata balaa lake karne tatu na nusu baadaye. Wakati wa machafuko ya mwaka 1859 iliporwa kutoka ikulu ya Modena, na baadaye mkurugenzi wa maktaba, Giuseppe Boni, akaikuta katika duka la nyama mjini humo ikitumika kama kiwambo. Sasa iko maktaba ya Estense, hapo hapo Modena.

Kwa nini Greenland inaonekana kubwa sawa na Afrika? Mercator alikusudia kutupunja? (Mwanafunzi wa chuo)

Hakukusudia. Jina la ramani yake ya mwaka 1569 lenyewe linasema ni kwa matumizi ya mabaharia, na kwa baharia ilikuwa neema. Nahodha alihitaji kuweka rula kutoka bandari moja hadi nyingine, kuisoma pembe, na kushika pembe hiyo hiyo ya dira safari nzima. Kwenye tufe njia ya namna hiyo inajikunja kama uzi uliozungushwa kwenye pia. Gerard Mercator alitafuta namna ya kuifanya iwe mstari ulionyooka.

Bei yake ndiyo hii unayoiona. Kwenye latitudo ya nyuzi 60, mzingo wa dunia ni nusu ya ule wa ikweta, lakini kwenye karatasi yake mistari yote ya latitudo ina urefu sawa. Maana yake kila kitu kimevutwa mara 2 kwa upana. Ili pembe zisiharibike, akakivuta mara 2 kwa urefu pia, kwa hiyo eneo limekuwa mara 4. Greenland iko kaskazini zaidi ya hapo, na imevimba zaidi ya hapo. Kwa kweli ina kilomita za mraba milioni 2.2 hivi, na Afrika ina milioni 30: Greenland 14 zinaingia ndani ya Afrika. Mercator hakuacha maelezo ya hesabu zake. Mwingereza Edward Wright ndiye aliyechapa majedwali mwaka 1599, na kuanzia hapo wengine wakaweza kuichora sawasawa.

Mimi ninawalaumu waliokuja baadaye, walioitoa ramani hiyo kwenye meza ya nahodha wakaitundika darasani, mahali ambapo hakuna anayeshika dira na kila mtoto anapima ukubwa wa nchi kwa macho. Zipo ramani zinazotunza maeneo, ile ya Equal Earth ya mwaka 2018 ikiwa mojawapo, na inapendeza pia. Ukutani ingewekwa hiyo.

Katika kitabu cha kale niliona ramani ya Afrika Mashariki yenye ziwa moja tu, kubwa mno, kama mdudu aliyelala. Maziwa matatu yalikwenda wapi? Na kwa nini ramani za miaka ya 1700 zina nafasi nyeupe nyingi kuliko ile ya Ortelius? (Mwalimu wa jiografia)

Mwalimu, hiyo uliyoiona ilipewa jina la ramani ya koa. Waliitengeneza wamisionari wawili Wajerumani, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, ikachapwa Ujerumani mwaka 1855 na kufika London mwaka uliofuata. Rebmann alikuwa na makazi Rabai, na alikuwa ameshauona Kilimanjaro mwaka 1848. Erhardt alikaa Tanga miezi kadhaa mwaka 1854, na huko alifanya jambo ambalo wasomi wa London hawakulifanya: aliwauliza watu wa misafara.

Mtu wa njia ya Kilwa alimwambia, tunakwenda bara mpaka tunakuta maji makubwa. Aliyepita Unyamwezi hadi Ujiji akasema, nasi tunakuta maji makubwa. Aliyeingilia njia za kaskazini naye, maji makubwa. Wote walisema kweli tupu. Yakazidishwa na lugha: nyasa na nyanza ni maneno ya ziwa lenyewe, hivyo anayeuliza maji hayo yanaitwaje anajibiwa, yanaitwa ziwa. Wale wamisionari wakakaa na ncha zao tatu, wakaona kwamba kila njia inaishia majini, wakahitimisha kuwa ni maji yale yale. Wakachora ziwa moja kutoka karibu na ikweta hadi mbali kusini, wakaliita Bahari ya Uniamesi, kwa maana ya Unyamwezi.

Royal Geographical Society, chama cha wanajiografia cha London, waliicheka, lakini mwaka 1856 waliwatuma Richard Burton na John Hanning Speke kwenda kuangalia. Na sasa sikiliza. Kabla hawajaliona ziwa hata moja, walipumzika Kazeh, ambayo leo ni Tabora, wakapokewa na mfanyabiashara Mwarabu aliyeitwa Snay bin Amir. Huyo akawaeleza wazi kwamba maziwa ni matatu: la Nyasa, la Ujiji, na la Ukerewe kaskazini. Jibu lote walilipata wakiwa wamekaa barazani kwa watu. Februari 1858 wakafika Ujiji. Tarehe 3 Agosti 1858 Speke akaliona ziwa la Ukerewe kutoka upande wa kusini, akalipa jina la malkia wake, Victoria, na jina hilo ndilo liko kwenye ramani mpaka leo. La Snay bin Amir utalitafuta kwenye maelezo ya safari.

Nimewahi kufanya kazi kwa masimulizi ya watu, nikijaza majina ya vijito kwenye karatasi ya kalki, kwa hiyo siwezi kuwacheka Erhardt na Rebmann. Waliuliza vizuri. Walichokosa ni swali la pili, la kumrudia msimulizi wa Kilwa na kumuuliza: mtu wa Ujiji akishuka na mtumbwi, atafika kwenu?

Kuhusu weupe. Mwaka 1749, mjini Paris, Jean-Baptiste d'Anville alitoa ramani ya Afrika aliyoisafisha. Kila mto na mji ambao hakuweza kuonyesha umetoka kwa nani, aliufuta. Maziwa na falme zilizokuwa zinarudiwa tangu zama za Ortelius zikaondoka, na katikati ya bara pakabaki karatasi. Kwa fundi, huo ni ujasiri mkubwa. Linganisha na James Rennell, ambaye mwaka 1798 alichora safu ndefu ya milima ya Kong kukata Afrika Magharibi. Milima hiyo haikuwepo kamwe, lakini ilinakiliwa kutoka ramani hadi ramani karibu miaka 90, hadi Mfaransa Louis-Gustave Binger alipotembea huko kati ya 1887 na 1889 asiione.

Hata hivyo ule weupe wa d'Anville ulisomwa vibaya. Yeye alimaanisha: sina shahidi wa kutosha. Waliokuja kuutazama karne iliyofuata walisoma: hapana mtu. Mwaka 1884 na 1885, wajumbe walipokutana Berlin kuwekeana kanuni za kujitwalia Afrika, hapakuwa na Mwafrika hata mmoja mezani. Nakuomba, mwalimu, ukiwaonyesha wanafunzi ramani ya 1749, usiipite haraka ile sehemu nyeupe. Wape majina ya watu waliokuwa wakiishi mle ndani mwaka ule ule, wayaandike kwa penseli.

Marehemu mjomba aliniachia ramani ya Afrika yenye jina la Ortelius, imefifia. Nitajuaje kama ni ya kweli? (Msomaji)

Pole kwa msiba, dada. Anza kwa vidole, macho yafuate. Pitisha kidole taratibu pembezoni mwa picha, nje kidogo ya mstari wa mwisho. Bamba la shaba lilikandamizwa kwa nguvu kwenye karatasi yenye unyevu, likaacha kovu, ukingo uliobonyea kuzunguka ramani nzima. Kisha chukua kioo cha kukuzia. Mstari wa shaba ni wino mzima usiokatika. Ukiona vitone vitone, hiyo ni picha iliyochapwa kwa mashine za kisasa. Iinue mbele ya dirisha: karatasi ya zama zile ina mistari ya waya iliyosogeleana, na mingine michache iliyoachana.

Tazama rangi ya kijani pia, kama ipo. Ilitengenezwa kwa kutu ya shaba, nayo huila karatasi polepole na kutoka upande wa pili kama doa la kahawia. Uzee wa kweli haulingani kila mahali: kingo na mkunjo wa katikati huchakaa zaidi. Niliwahi kuuziwa ramani ambayo muuzaji aliniapia ni ya miaka 300, na kahawia yake ilikuwa sawa kabisa kutoka kona hadi kona. Ilikuwa imechovywa kwenye chai. Iliniuma sana, na tangu siku hiyo silipi kabla sijaigeuza.

Na kugeuza ndiko kwenye siri. Ramani zilizotoka kwenye kitabu cha Ortelius kwa kawaida zina maandishi nyuma, kwa Kilatini, Kiholanzi, Kijerumani, Kifaransa au lugha nyingine, kutegemea toleo, na mara nyingi namba ya ukurasa. Lugha na namba hiyo kwa pamoja ndizo zinazotueleza ilichapwa mwaka gani. Usiipeleke kwa mtu wa fremu kwanza, wala usiibandike kwenye kadibodi. Iweke bapa, mbali na jua, halafu niandikie: nyuma pameandikwa kwa lugha gani, na namba ni ngapi.